Shahidi wa Kaka ni Hamira

Jumatatu, 4 Machi
Imekubali! Hamira niliyoinyofoa jeni yake moja nimeipa ya binadamu badala yake — na inachapa kazi kama kawaida. Protini zinafika zinakotakiwa, ndani kabisa ya seli. Jeni hiyo ikiharibika, zinapotea njia na kuvuja nje. Unalaza karatasi juu ya hamira, unaitia dawa, panapovuja panageuka zambarau. Yangu imetoka nyeupe pe. Profesa ameitazama, akaitazama tena, akasema haya, sasa weka jeni ya kaka yako mgonjwa. Nimetembea kifua mbele hadi chooni, nikacheza peke yangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwonyesha Mama picha ya karatasi. Akageuza simu huku na huku. Mbona hamna kitu? Nikamwambia hamna kitu ndiyo kitu chenyewe. Akasema miaka yote hiyo ya kusoma, halafu namletea karatasi tupu.
Jioni namsikia anamwonyesha jirani: unaona ilivyo safi? Kazi ya mwanangu hiyo.

Alhamisi, 7 Machi
Hamira yenye jeni ya kaka imeota. Presha juu. Daktari wa neva alisema badiliko lililomo kwenye jeni yake halijawahi kuonekana kwa mtu mwingine, kwa hiyo hawezi kuandika kwamba ndilo linalomrusha mikono na kumkunja uso. Bila ushahidi, kaka anabaki na jina alilopewa kiwandani: mlevi. Fundi cherehani hodari vile — wakamfukuza. Na pombe hajaionja maishani!
Kwa hiyo naombea hamira ya kaka yangu ivuje, ithibitike ni ugonjwa. Dada gani huyo? Mimi.
Nilipomwambia tunapima kwa hamira, alicheka hadi akapaliwa. Eti amesingiziwa pombe, na shahidi wake ndiye anayeichachusha.

Jumamosi, 9 Machi
Maabara tupu, mimi na kaka tu. Amekuja kujionea. Mashine ya kutikisa trei imegoma — leo! Karatasi lazima iogeshwe dawa bila kusimama, la sivyo rangi inashika upande mmoja. Nikaanza kwa mkono, bega likachoka. Kaka akasema nimpe yeye, kazi hiyo anaifanya bure kila siku.
Ameiweka trei mapajani. Mikono inakwenda yenyewe. Dawa kidogo imemrukia suruali, hajali. Tangu afukuzwe huificha mikono hiyo mifukoni hata mbele ya Mama. Leo iko nje, inafanya kazi. Najivunia kaka yangu mno, ndiyo maana naandika badala ya kuongea.
Safu ya juu ni ile ya Jumatatu. Nyeupe. Ya chini ni yake. Nyeupe nayo, mpaka sasa. Anauliza vipi. Namwambia tikisa.
Pale chini, pembeni — doa? Au kivuli cha kidole chake? Nimemwambia atulize mikono kidogo nione.
Ameniangalia. Nimemwangalia. Tumeangua kicheko wote wawili, na trei inazidi kutikisika, na lile doa halisogei na kidole chake. Ni zambarau.