Somo Nimelisoma Mwenyewe

Homa Bay, Jumapili, Juni 1965

Lakini nimesoma! Tangu kiharusi kiniangushe mwaka jana na kuuvuta mdomo upande, jirani yangu Otieno ndiye amekuwa akisoma Biblia kanisani badala yangu mimi, mwalimu wa kanisa. Leo alipoinuka nilimwambia, "Keti, ndugu yangu. Nitasoma mwenyewe."

Mistari sita ilinichukua muda mrefu mno. Mate yalinitoka, watoto wakacheka, na mke wangu Achieng' akainamisha kichwa. Niliudhika. Tena naogopa kiharusi kitarudi, sikatai. Lakini sikuruka neno hata moja.

Nje, bibi mmoja mzee kutoka kisiwa cha Mfangano aliushika mkono wangu uliopooza.

"Mwalimu," akasema, "miaka yote hiyo ulikuwa unasoma mbio. Leo ndiyo nimekusikia."