Mwali Mwenye Wajukuu

Mpendwa Shangazi Pura,

Naomba msaada wako maana nimekwama na wa kumweleza sina, mimi ni mwanamke wa hapa Mangatarem, nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, na kwa watu wa viza wa Amerika bado ni mwali. Unajua mwenyewe ilivyo, mtoto wa askari mzee akiolewa anatolewa kwenye foleni ya wasioolewa anapelekwa ile ya walioolewa, ambayo haisogei, ndiyo maana mimi na Nestor tumeishi pamoja tangu ujana bila ndoa, watoto tumezaa, nyumba tumejenga, na akina mama wa sokoni wakiniona na mvi zangu huniuliza, "Mwali, posa imefika?" Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia.

Baba alipigana na Wajapani msituni upande wa Amerika, akaahidiwa uraia wa huko akiwa kijana akaupata akiwa mzee, akaenda San Francisco peke yake ili atuvute, mama akafa akisubiri, nimebaki mimi. Sasa figo zake zimekufa, anasafishwa damu hospitali, ndege hawezi kupanda, wazee wenzake aliokaa nao chumba kimoja wamekwisha, na kila Jumapili ananiambia kwenye simu, "Vumilia binti yangu, usiolewe kwanza. Uje uushike mkono wangu uuweke kwenye paji la uso wako kama desturi yetu, nikubariki nikikuona."

Lakini Nestor naye ana saratani ya ini na daktari ametuambia turudi nyumbani, na juzi nikimlisha uji akasema, "Ligaya, mimi nimekungoja tangu nina nywele. Nizike kama mumeo, si kama mpangaji wako." Wifi yangu anashauri tufunge ndoa kimyakimya parokia ya mbali, eti Amerika nani atajua. Nikiolewa nitakuwa nimemtupa baba, nisipoolewa nimemdhulumu Nestor, na wote wawili wanakufa, Shangazi, nifanye nini?

Mwali wa Mangatarem

*

Mwali, pole. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikashindwa hata kula.

Sasa nikugombeze kidogo. Miaka yote hiyo umesikiliza soko na wifi, wakili hujamwona hata mmoja. Mimi nimemuuliza mmoja anayeshughulikia viza za wazee wa vita. Kasema ukiolewa utahamishiwa foleni ndefu, kweli. Ila mume akifariki, sheria inamhesabu mjane kuwa hana ndoa, na anarudi foleni yake ya zamani, na tarehe yake ileile. Nenda na wewe ukamuulize, usiniamini mimi tu.

Najua umeshapiga hesabu kichwani na umeona aibu. Usione. Hesabu hiyo si yako, ni ya waliotunga foleni. Ila Nestor usimwambie kamwe. Aende akijua umeolewa naye kwa kuwa ulimtaka, maana ndivyo ilivyo, ama sivyo usingempikia uji huo.

La wifi yako litupe. Ndoa ya kuficha ndiyo iliyowarudisha wengi nyumbani mikono mitupu, wengine wakiwa wameshafika huko na kuzoea baridi. Olewa mchana, kwa jina lako, akina mama wa sokoni wakiwa benchi la mbele. Padri mwite nyumbani kama mgonjwa hawezi kutoka. Fanya wiki hii. Ini halingoji.

Kisha kuna baba. Hapa sina tamu ya kukupa. Zamu yako hata ukirudishwa foleni ya zamani bado iko mbali, naye akitangulia, ombi alilokuwekea linaweza kufa pamoja naye. Huenda mkono wake hutaushika, Ligaya. Wewe unalijua hilo na yeye analijua, ndiyo maana kila Jumapili mnaongea kuhusu foleni badala ya kuagana.

Basi Jumapili hii mwambie kweli. Sema, "Baba, ninaolewa na Nestor, anakufa." Usikate simu kwa hofu. Yeye alimwacha mama yako akisubiri, anajua kunatokea nini. Halafu mwombe baraka, na anapoitamka usiisikilize kwa sikio. Ibandike simu kwenye paji la uso wako, uishike hapo mpaka amalize.

Shangazi Pura