Soli za Bibi

Jumatatu, 9 Juni
Uyole nzima hakuna mguu kama wangu. Leo nimewapiga Iyunga mabao manne, na hospitali yenyewe imeona. Soli za Bibi ziko kwenye raba zangu. Zinajitengenezea umeme mtu akitembea, zinapima joto la unyayo ili kidonda kijulikane mapema, simu inampelekea vipimo nesi wa mradi wa hospitali kule Iringa. Bibi ana sukari, nyayo zake zimekufa ganzi. Viatu alivyopewa pamoja nazo anavitunza vya kanisani. Kwenye viazi anakwenda na kandambili. Soli zikilala bure, nesi anapiga simu kufoka. Basi namtembelezea mimi. Akili, si cheti.

Alhamisi, 12 Juni
Nesi kapiga. "Hongera Bibi, huo mguu wa msichana!" Bibi kanigeukia: "Umesikia, mume wangu? Bado nalipa." Nikamwambia nani akuoe, miguu kama mihogo ya mwaka juzi.

Jumanne, 24 Juni
Baridi mbaya. Nimetoka mazoezini, nyumba inanuka nyama. Nikauliza tumechinja nini. Kumbe Bibi kasinzia, kisigino kiko juu ya jiko la mkaa. Hana habari! Nimecheka mpaka nimekaa chini. Na yeye kacheka. Lengelenge kama kitumbua. Nimempaka asali.

Alhamisi, 26 Juni
Nesi kauliza kama kuna kidonda. Kwenye kompyuta yake kila kitu kijani, salama. Nikikubali, atauliza soli zilikuwa wapi. Nimesema hakuna. Bibi alikuwa ananitazama tu.

Jumapili, 6 Julai
Kanisani hakwenda. Kiatu hakiingii. Kisigino cheusi, kinanuka. Nimehamishia godoro langu jikoni. "Unanikimbia, mume wangu?"

Jumatano, 9 Julai
Mama mkubwa kaja kutoka Ilomba. Kafungua kitambaa, kanizaba kofi, kakodi bajaji. Hospitali wamemkata mguu chini ya goti.

Ijumaa, 11 Julai
Nesi kaja wodini, macho mekundu. Anasema kifaa kimewadanganya, watawavua wagonjwa wote soli hizo. Bibi kajibu, "Nilikuwa nazivaa kila siku, mwanangu." Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai.

Jumanne, 15 Julai
Bibi karudi. Anaota jua uani, blanketi mapajani. Nimemwosha mguu uliobaki, nimeukausha katikati ya vidole.
Kifaa hakikukosea. Kilipima mguu wangu. Na siku nesi alipouliza, kidonda kilikuwa bado lengelenge.