Kifungo cha Mkanda wa Gitaa

Jumapili

Eti Mungu atanipa lingine! Mchungaji kasema hivyo huku nimeshika gitaa langu jekundu, shingo imevunjika vipande viwili.

Lingine lipi? Yale magitaa manne ya ukutani kwangu nilishayang'oa pikapu, vile vinasa sauti vya nyuzi, na vipuri vyote ili hili moja lilie vizuri.

Mkanda niliuwekea vifungo vya chuma visivyochomoka, nilivifuata mwenyewe Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ila kwenye mwili wa gitaa, tundu la skrubu inayoshika kifungo lilikuwa limelegea, nikalijaza njiti za kiberiti na gundi. Nikamwazima Elia, mpiga gitaa wa kwaya yetu, nikamwambia, "Ruka tu, shemeji."

Leo kwenye sifa akaruka. Skrubu ikang'oka na mbao yake, gitaa likaanguka sakafuni.

Nimechoka. Mkanda nimeutundika msumarini. Kifungo bado kimeung'ang'ania, hakijalegea hata kidogo.