Mwezi Haumo Kwenye Jedwali

Jumatano, jioni

Bado nina hasira. Leo kikaoni bosi wetu wa mapato alibandika jedwali la mikoa, na Kigoma tuko mkiani. Anataka tupandishe ushuru wa dagaa tuwafikie wa juu.

Nikamwambia, "Bosi, hizi hesabu ni za siku za mbalamwezi. Siku hizo dagaa hawafuati taa, mitumbwi yote hulala pale ufukweni Katonga."

"Mwezi haumo kwenye jedwali," akanijibu.

Ushuru ukipanda, mume wangu Yusufu, naye mvuvi wa dagaa, atabaki huko kwenye kambi ya wavuvi hata siku za mbalamwezi, atafute vibarua.

Siku zinazotuweka mkiani ndizo pekee anazolala nyumbani. Nimetoka uani mara tatu kuutazama mwezi. Bado mwembamba kama ukucha.