Vigae Vimekaa Pahali Sipo

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila hiyo nitakusikia ukiuliza kama nimelelewa na mbuzi.

Nina hasira, Mama, na sina wa kumwambia. Baba hataki kusikia. Mume wangu Chengo ameshaniambia nipunguze maneno. Kaka yangu Karisa nikimpigia siku hizi hashiki simu. Nimebaki na wewe tu, basi nivumilie kama ulivyozoea, niseme nipumue.

Wamekujengea kaburi kwa vigae. Vigae vya sakafu, vyeupe, vina michirizi ya rangi ya dhahabu, aina ileile iliyotandikwa kwenye ukumbi wa hoteli anakofanya kazi Karisa kule Kikambala. Alikuja navyo kwa pikapu wiki ya sita tangu tukuzike, fundi amekaa mbele, mashine ya kukatia nyuma. Kakuyuni nzima ikatoka kuangalia. Shangazi Kadzo akapiga vigelegele. Vigelegele, Mama, kwa kaburi! Nilimtazama nikaona nikifungua mdomo nitamvunjia heshima dada wa baba yangu.

Na wewe unajua, na mimi najua, vigae ulivitaka wapi. Ulivitaka kibarazani.

Hakuna mwanamke Kakuyuni aliyehangaikia mlango wake kama wewe. Kila Jumamosi uko magotini unasiriba udongo mwekundu, mkono unazunguka, unazunguka, mpaka sakafu inalainika kama chapati mbichi. Chupa za soda ulizipanda kichwa chini pembeni mwa njia. Mikebe ya mafuta ya kupikia uliipaka chokaa ukaotesha asumini. Vifuu vya nazi ukavitundika kwa kamba na vijimaua ambavyo hata jina lake ulikuwa hulijui, uliviomba tu kwenye nyumba za watu. Mvua moja ikinyesha kwa upepo, sakafu yote inaenda na maji, nawe unaanza upya. Sikukusikia ukilalamika. Labda ungelalamika tungeshtuka.

Mara moja tu ndiyo nilikuona umeumia. Siku ile watu wa kina Chengo walipokuja kuniposa, yule shangazi yake mrefu akapandisha leso mpaka magotini kabla ya kukanyaga kibaraza chako, kana kwamba anavuka dimbwi. Na palikuwa pakavu, Mama! Ulikuwa umepasiriba jana yake. Ulicheka, ukamtandikia mkeka, ukamkaribisha kwa heshima zote. Walipoondoka ukasema, "Nami nitapata sakafu ya kupiga deki." Wiki ileile ukaenda Malindi ukanunua dekio. Karisa alicheka mpaka akakaa chini: dekio la nini kwenye udongo? Ukalitundika nyuma ya mlango ukamwambia asilishike.

Sasa huyohuyo Karisa ndiye aliyenikemea mbele ya watu. Nilisimama mbele ya maboksi nikasema vigae vinaenda kibarazani, kaburi litapigwa saruji nzuri na kuandikwa jina, inatosha. Akaniambia nina wivu. Wivu! Namwonea wivu nani, marehemu? Shangazi naye akadakia kwamba kaburi liko mbele ya nyumba, wapita njia wote wanaliona, na tukiliacha hivihivi watasema mama hakuzaa. Nikamgeukia Baba. Baba akaangalia miguu yake. Fundi kazi yake ni kazi, akawasha mashine yake, na mimi nikala vumbi.

Haya, sikiliza matokeo yake. Jua likishageuka alasiri, kaburi lako linatupiga mwanga machoni. Huwezi kukaa kibarazani, Mama, kabisa. Baba alijaribu siku mbili na kofia, siku ya tatu akabeba kiti chake akahamia nyuma jikoni, anakaa na kuku. Kuku wenyewe wakipanda juu yako wanateleza. Watoto wa jirani wamegundua kuwa vigae vina baridi, wanakuja kulalia tumbo, nikiwafukuza wananiambia wanamsalimia bibi. Nilipomweleza Karisa, alipokuwa bado anashika simu zangu, alisema ninunue pazia.

Na kibaraza chako kimekufa. Samahani, sina neno jingine. Sakafu imepasukapasuka, mchwa wamepanda nguzo ya mlangoni, asumini mbili zimekauka na ya tatu mbuzi ameimaliza. Jumamosi iliyopita nilikwenda kusiriba mwenyewe. Nilichota udongo kulekule unakochota, nikakanda, nikazungusha mkono hivyohivyo. Kufika jioni pote pana nyufa. Ulikuwa unatia majivu kiasi gani? Samadi ilikuwa ya leo au ya jana? Miaka yote hiyo sikuuliza, na wewe hukusema! Nilikaa pale mikono inanuka samadi nikakukasirikia hata wewe. Nisamehe. Lakini nilikukasirikia.

Baba alitoka nyuma akanikuta. Akazitazama nyufa, akanitazama mimi. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu, kwa sauti yake ile ya chini: "Yale maboksi mawili yalikwenda wapi?"

Mama, nilidhani hayupo anayekumbuka.

Miaka minne iliyopita Chengo alimaliza kazi ya kupiga sakafu kwenye nyumba moja Shella, mwenye nyumba akamwachia vigae vilivyobaki. Vya kijivu, vya kawaida, maboksi mawili. Nilikuletea mwenyewe. Ulivyofurahi, uliyafunika kwa gunia ukayasukuma chini ya kitanda, ukawa unangoja Chengo apate nafasi na saruji ipatikane. Kila nikija unaniuliza. Kila nikija nakwambia mwezi ujao. Kisha ikafika zamu yangu ya kuwapokea kina mama wa kanisa nyumbani kwangu, na jiko langu lilikuwa saruji tupu, nikaona aibu. Nikaja kuyachukua. Nikakwambia nitakuletea mapya, mazuri zaidi.

Hukusema neno baya. Ulisema, "Chukua mwanangu, wewe una wageni." Ukaingia mvunguni ukayavuta mwenyewe, ukayafunga kwa leso yako yasigongane, ukaishikilia pikipiki mpaka dereva akakaza kamba. Jumamosi yake ukarudi magotini kwako kusiriba. Kina mama wa kanisa walikuja, wakala, wakaenda. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyeangalia chini.

Kwa hiyo hasira hii yote niliyomwagia Karisa, sehemu kubwa ni yangu. Yeye alikuletea kwa kuchelewa. Mimi nilikuletea kwa wakati, kisha nikakunyang'anya. Nimelizunguka neno hilo miezi mitatu, nikigombana na kila mtu aliye hai ili nisilitamke. Nimelitamka sasa, na sijapata nafuu yoyote.

Jumatatu nilichukua tindo na nyundo ya Chengo nikaingia jikoni kwangu. Aliporudi kutoka kazini alinikuta nimekaa chini, nimejaa vumbi, ninalia na kutukana. Alidhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, alivua shati akakaa upande wa pili akaanza kubandua. Havitoki vizuri, Mama, laana ya kazi nzuri aliyoifanya mume wangu. Tumeokoa thelathini na kitu vizima, vingine vyote vipande. Chengo anasema vipande navyo vinapangika.

Leo tumeanza kibarazani kwako. Safu mbili zimeshakaa, kuanzia kizingiti. Hazijanyooka, kwa sababu nilikataa Chengo azipange peke yake, nikashika mwiko mimi, na mimi ni mshonaji, si fundi wa sakafu. Karisa amepigiwa simu na Shangazi, akanitumia ujumbe kwamba ninaiaibisha familia kwa kuokota takataka. Sijamjibu. Nikimjibu leo nitamjibu vibaya. Nitamwambia habari za maboksi akija, uso kwa uso, kwa sababu anastahili kujua ni nani aliyekukosesha sakafu yako.

Sasa nakuaga, Mama, saruji inangoja na mkono unauma. Nakuahidi kibaraza kitakwisha kabla ya mvua za masika, hata kama ni kwa vipande. Jiko langu litabaki chakavu na mashimo yake, sitalitengeneza. Zamu yangu ya kuwapokea kina mama imekaribia tena, watakuja, na safari hii wataangalia chini. Wakiniuliza sakafu yangu imekwenda wapi, nitawaambia haikuwa yangu, ilikuwa ya mama, nilimchukulia akiwa hai.

Ni mimi mwanao,
Sidi