Saini ya Baba Mwaka Huu

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo, na bati la jikoni halivuji tena. Jana mhasibu wa kiwanda alileta taarifa ya mwaka ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi, maana Baba bado ndiye mwenyekiti. Baba alishika kalamu, ikamponyoka.

"Mzee, siku hizi saini ya kwenye kompyuta inakubalika," mhasibu akamwambia kwa upole. "Bonyeza hapa tu."

"Na hiyo itakuwa saini yangu?"

"Yako kabisa, mzee."

Akabonyeza kwa mkono wa kushoto, kisha akageukia ukutani, akalia.

Kaka, kiharusi kilimpooza mkono wa kulia, akatukataza kukuambia. Usidhani barua zake zimekoma kwa sababu amekununia. Mpigie simu, sauti yake ni nzima.

Mdogo wako,
Kitindamimba